Mlezi wa mtoto mchanga Likasi: kumpata, kumlipa na kuagana naye

Sheria ya kazi ya Kongo, ile ya tarehe 16 Oktoba 2002, inampa mama mwajiriwa wiki 14 za likizo ya uzazi: sita kabla ya kujifungua na zisizozidi nane baada yake. Katika muda huo hupata theluthi mbili za mshahara. Hesabu hiyo ndiyo inayomleta mlezi katika nyumba nyingi za Likasi, mji wa madini wa Katanga. Muuguzi, mwalimu au karani wa benki anarudi kazini mtoto akiwa na miezi miwili, shingo ndiyo kwanza inakaza, na huku wahudumu wa afya wanamsisitizia anyonyeshe maziwa yake tu mpaka mwezi wa sita. Sheria inamruhusu kuacha kazi nusu saa, mara mbili kwa siku, ili anyonyeshe. Ruhusa hiyo humfaa anayeishi jirani na kazini. Aliyemwacha mtoto mtaa wa Kikula naye yuko kazini mtaa wa Shituru, nusu saa humwishia barabarani.

Akina mama wengi wa mji huu, hata hivyo, hawana likizo kwa kuwa hawana mwajiri. Anayeuza unga, makaa au samaki wa Ziwa Tshangalele humfunga mtoto mgongoni kwa kitenge na kushinda naye sokoni. Kwake haja ya mlezi huja baadaye, mtoto anapokuwa mzito au biashara inapomtaka asafiri. Wanaokwenda kufuata bidhaa Kasumbalesa, mpakani na Zambia, hulala njiani, na si kila safari ya lori inafaa mtoto wa miezi minne.

Kulipa mtu wa kulea mtoto si desturi ya zamani sana hapa. Likasi, ambao enzi za Wabelgiji uliitwa Jadotville, ulijengwa na shaba. Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, mwanzoni iliajiri vibarua wa muda mfupi waliokuja bila familia. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 ikabadili mpango: ikawataka wafanyakazi wakae kambini na wake zao, ikajenga nyumba za uzazi, ikapima watoto na kuwafundisha akina mama usafi na ushonaji. Baba alileta mshahara na posho ya chakula, mama akabaki nyumbani na watoto. Katika nyumba za Wazungu kazi za ndani zilishikwa zaidi na wanaume, wale walioitwa maboyi. Mpango huo wa kambi uliendelea chini ya Gécamines, kampuni ya serikali iliyochukua migodi baada ya Union Minière kutaifishwa mwaka 1967.

Mpango huo ulivunjika polepole. Katika miaka ya 1990 uzalishaji wa shaba ulianguka na mishahara ikachelewa miezi kwa miezi. Mwaka 2003 ukaja mpango wa kuondoka kwa hiari, uliogharimiwa na Benki ya Dunia, na wafanyakazi 10,655 wakaondoka Gécamines kwa mkupuo. Nyumba zilizozoea kungoja mshahara wa baba zikaanza kula jasho la mama: genge la mboga, mtumba, shamba la nje ya mji, safari za mpakani. Mama alipotoka, ilibidi mwingine abaki na mtoto.

Huyo mwingine, kwanza kabisa, ni ndugu. Bibi akiwa na nguvu na akiwa karibu, hakuna anayetafuta zaidi. Asipokuwepo, huitwa shangazi aliyefiwa na mume, au mdogo wa mama aliyemaliza shule na hajaolewa. Baada ya hao huja msichana wa kijijini. Vijiji vya kando ya Ziwa Tshangalele, kuanzia upande wa Kapolowe hadi Mwadingusha, viko karibu na mji na vina ndugu wengi mjini. Watu wake huishi kwa uvuvi na kilimo, na fedha taslimu ni adimu kipindi cha kungoja mavuno. Mzazi hukubali kumtoa binti kwa ahadi kwamba huko mjini atasomeshwa, atavishwa, na mwisho wa mwaka atarudi na kitu mkononi.

Hapa ndipo penye utata, na inafaa kusemwa waziwazi: undugu ndio unaoficha mshahara. Binti aliyeletwa kama mtoto wa nyumbani huamka wa kwanza, huosha nepi, huchota maji, hubeba mtoto mchana kutwa na kulala naye usiku. Akiuliza malipo, huambiwa anakula na kulala bure. Akiuliza shule, huambiwa angoje mwaka ujao. Mwenye nyumba naye mara nyingi hana nia mbaya. Yeye mwenyewe alilelewa hivyo kwa shangazi yake. Lakini Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 haitambui desturi hiyo. Inakataza kumwajiri mtoto ambaye hajatimiza miaka 16, hata kama malipo yake ni chakula au nguo. Msichana wa miaka 12 anaweza kumbeba mdogo wake jioni wakati mama anapika. Kuachiwa mtoto wa miezi mitatu kutwa nzima, peke yake, ni kazi ya mtu mzima, na mtoto akipandwa homa saa sita mchana msichana huyo hatajua la kufanya.

Asiyekuwa na ndugu wa kufaa hutafuta nje, na Likasi walezi hutafutwa kwa mdomo. Njia inayoaminika kuliko zote ni kanisa. Kwa Wamethodisti, ambao wana mizizi ya siku nyingi katika eneo hili na misheni yao ya Mulungwishi haiko mbali, hutumwa neno kwa akina Mama Kipendano, wanawake wa kanisa hilo. Kwa Wakatoliki huulizwa jumuiya ya mtaa. Faida yake ni kwamba anayeletwa ana watu wanaomjua, na mwajiri pia ana watu wanaomjua: msichana akinyimwa haki yake, habari itafika kanisani kabla ya Jumapili. Wauguzi wa zahanati za uzazi nao ni wa kuulizwa, kwa sababu hukutana na wajane na akina mama waliokwisha kulea watoto wao na sasa wanatafuta kipato. Mwanamke wa miaka 40 aliyelea wanne wa kwake hupokelewa kwa wasiwasi na waajiri vijana, ambao huogopa kwamba hataagizika. Kwa mtoto mchanga, hata hivyo, huyo ndiye wa kwanza kufikiriwa.

Kabla ya kukubaliana ni vizuri kwenda kuona anakotoka. Kuonana na mama yake au mume wake, kujua mtaa na nyumba, kupata namba ya simu ya mtu wa pili: hayo huchukua alasiri moja. Aliyewahi kufanya kazi kwingine aulizwe kwa nini aliacha, kisha yule aliyemwajiri naye aulizwe. Majibu mawili yasipolingana, asihukumiwe haraka, kwani waajiri nao husingizia. Afya ni jambo la lazima. Kongo ni miongoni mwa nchi zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu duniani, na mtoto mchanga huambukizwa kwa urahisi na mtu anayekohoa karibu yake kutwa. Mlezi apelekwe kituo cha afya kwa gharama ya mwajiri, hasa akiwa na kikohozi cha zaidi ya wiki mbili. Kumdai cheti cha kuonyesha kwamba hana mimba, kama wafanyavyo wengine, ni kumvunjia heshima tu.

Kosa la kawaida ni kumleta mlezi Jumapili jioni wakati mama anaanza kazi Jumatatu asubuhi. Aje wiki mbili kabla. Katika siku hizo mama yupo nyumbani, anaona jinsi mgeni anavyomshika mtoto, kama hunawa mikono bila kukumbushwa, kama husikia kilio au huzama kwenye simu. Mtoto naye huzoea harufu na sauti yake. Sheria inaruhusu kipindi cha majaribio, kisichozidi mwezi mmoja kwa kazi isiyohitaji ufundi maalumu, na siku hizo za majaribio hulipwa kama siku nyingine zozote.

Sasa malipo. Watu wengi huyazungumza mwisho, wamesimama mlangoni, kwa aibu. Ilitakiwa yazungumzwe mwanzo, watu wameketi. Mambo ya kuamuliwa ni mengi kuliko kiasi cha fedha. Mlezi atalala hapo au atakwenda kwao jioni? Anayelala ndani huonekana rahisi, lakini siku yake haina mwisho, kwa kuwa mtoto huamka saa nane usiku. Anayekwenda na kurudi anahitaji nauli, au angalau viatu vya mvua, na mama anatakiwa afike nyumbani saa aliyosema. Je, kazi ni mtoto peke yake, au pia kupika bukari, kufua nguo za nyumba nzima na kupanga foleni ya maji? Mtu mmoja hawezi kuyafanya yote hayo vizuri. Kinachoachwa aghalabu ni mtoto, kwa sababu nguo chafu zinaonekana na mtoto aliyelazwa kutwa hawezi kusema.

Kiasi chenyewe kina kipimo cha kisheria. Kima cha chini cha mshahara kiliwekwa mwaka 2018 kuwa franka 7,075 kwa siku, na mwaka 2025 serikali ikakipandisha hadi 14,500. Kwa siku 26 za kazi kiwango cha mwaka 2018 ni franka 183,950 kwa mwezi, na cha 2025 ni 377,000. Kila anayeishi Likasi anajua kwamba nyumba nyingi hulipa chini ya hapo, nyingine chini sana, na kwamba mwalimu wa serikali anayetafuta mlezi naye ana mshahara mdogo. Ukweli huo haufuti kipimo. Unachofanya ni kumlazimisha mwajiri apige hesabu kwa uaminifu. Asiyeweza mwezi mzima anaweza kuajiri kwa nusu siku, asubuhi tu, na kupanga zamu zake za kazi kufuata hapo. Majirani wawili wenye watoto wa umri mmoja wanaweza kumlipa mlezi mmoja, kila mmoja nusu, mradi watoto wasizidi wawili na kila nyumba itimize sehemu yake. Hilo ni bora kuliko kumwahidi mtu mshahara mzima na kumlipa robo.

Katanga hufikiri kwa dola na hununua nyanya kwa franka. Sheria inataka mshahara utajwe kwa fedha halali ya nchi, lakini mlezi anayekubali franka bila kipengele cha kupitia upya mshahara hupoteza kimyakimya. Mwanzoni mwa mwaka 2016 franka 50,000 zilikuwa zaidi ya dola 50. Mwaka 2024, dola moja ilipofika karibu franka 2,800, fedha hizohizo hazikutimiza hata dola 20. Dawa yake ni kukubaliana tangu siku ya kwanza kwamba mshahara utatazamwa tena kila miezi sita, pamoja na bei ya gunia la unga.

Chakula, sabuni na mahali pa kulala ni sehemu ya maisha ya anayelala ndani, na si haki yageuzwe kuwa mshahara. Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu wafanyakazi wa nyumbani, uliopitishwa Geneva mwezi Juni 2011, unaweka kanuni ambazo mwajiri yeyote anaweza kuzifuata bila kungoja serikali: malipo angalau mara moja kwa mwezi, malipo ya vitu yawe sehemu ndogo tu, na mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Kwa Likasi hilo la mwisho lina maana ya Jumapili nzima, kuanzia Jumamosi jioni, na mlezi akienda kanisani asibebeshwe mtoto wa mwajiri.

Mshahara upewe aliyeufanyia kazi. Kuna wazazi wanaokuja mjini kila mwisho wa mwezi kuchukua fedha ya binti yao, na waajiri wanaoona ni adabu kumpa mzee. Mtu mzima akitaka kumsaidia baba yake atamsaidia mwenyewe. M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zimerahisisha jambo hili: fedha huingia kwenye simu ya mlezi, na ujumbe unabaki kuwa ushahidi kwa pande zote mbili. Anayelipa taslimu anaweza kutumia daftari la shule, tarehe na kiasi, kila mmoja akatia sahihi. Mlezi akiomba kukopa mshahara kabla ya mwezi kuisha, jambo litakalotokea, mkopo huo nao uandikwe. Waajiri wengine humsaidia mlezi kuingia likelemba, mchango wa zamu wa mtaa, ili zamu yake ikifika apate fedha ya mkupuo. Ni msaada mzuri ukiwa wa hiari, na ni hila ukitumiwa kumshikia mshahara.

Mkataba wa maandishi huwatisha watu kuliko unavyostahili. Karatasi moja kwa Kiswahili inatosha: majina, tarehe ya kuanza, kazi, saa, mshahara, siku ya mapumziko, nani analipia matibabu. Ikikosekana karatasi, sheria huchukulia kwamba mkataba upo na hauna kikomo. Mwajiri anayedhani kwamba bila maandishi hana wajibu anajidanganya. Mwaka mmoja ukipita, mlezi ana haki ya likizo yenye malipo, angalau siku moja ya kazi kwa kila mwezi aliotumikia.

Siku za kwanza za kazi ni za kufundishana, na la kwanza ni maziwa. Mama anayekamua maziwa yake na kuyaacha anaweza kunyonyesha mpaka miezi sita akiwa kazini. Tatizo la Likasi ni umeme. Bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira, lililozaa Ziwa Tshangalele, lina kituo cha umeme kilichoanza mwaka 1930 na kukarabatiwa ili kiongeze nguvu, na migodi mikubwa ndiyo iliyoingojea nguvu hiyo kwa hamu. Mtaani umeme hukatika, kwa hiyo friji si ya kutegemewa. Maziwa ya mama yaliyo kwenye chombo safi chenye kifuniko, kivulini, hukaa salama kwa takriban saa nne kunapokuwa hakuna joto kali. Yanywe kwa kikombe kidogo au kijiko, kwa kuwa chupa na chuchu ya plastiki ni vigumu kuviosha vizuri penye shida ya maji. Mlezi aelezwe pia kwamba hakuna maji ya sukari, hakuna uji wa kujaribia, hata mtoto akilia. Uji wa masoso, ule mchanganyiko wa mahindi, soya na mtama, ungoje mwezi wa sita.

La pili ni vumbi, na hili ni la mji wa madini hasa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulipima mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga ukakuta kobalti kwa wingi usio wa kawaida, na watoto walizidi watu wazima. Mtoto anayetambaa hushika sakafu na kutia vidole mdomoni. Mlezi apanguse sakafu kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia pakavu, amweke mtoto juu ya mkeka uliooshwa, amnawishe mikono mara nyingi, na baba anayerudi kutoka mgodini avue nguo za kazi kabla ya kumbeba mtoto. Maji yanayopita viwandani huteremka hadi Tshangalele, na samaki wa ziwa hilo wamekutwa na metali. Baada ya miezi sita, kitoweo cha mtoto kibadilishwe, kisiwe samaki wa ziwa kila siku.

Mengine ni machache. Mtoto alale ndani ya chandarua hata mchana. Dalili za hatari ziandikwe na kubandikwa ukutani: homa, kukataa kunyonya, kupumua kwa shida, degedege, kuhara kusikokoma. Mlezi awe na simu yenye salio, na fedha kidogo ya dharura iliyotengwa kwa ajili ya usafiri mpaka kituo cha afya. Siku ya kupima kilo na chanjo, katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14, mama ajitahidi kwenda mwenyewe. Akishindwa, mlezi apewe kadi ya mtoto na aelezwe cha kuuliza.

Kazi hii huisha, aghalabu mtoto anapoanza shule ya chekechea au mlezi anapoolewa. Mwajiri anayevunja mkataba usio na kikomo anatakiwa kutoa taarifa ya siku 14 za kazi, na kuongeza siku saba kwa kila mwaka kamili wa utumishi. Mlezi anayeondoka mwenyewe hutoa nusu ya muda huo. Kumfukuza mtu usiku kwa sababu ya sahani iliyovunjika au kwa tuhuma ya wizi isiyothibitishwa ni kosa la kisheria, na pande zikishindwa kuelewana mlango wa kwanza ni wa mkaguzi wa kazi, anayejaribu kupatanisha kabla shauri halijafika mahakamani. Anayeondoka apewe mshahara wake wote na cheti cha kazi chenye tarehe alizotumikia. Katika mji ambao walezi hutafutwa kwa mdomo, cheti hicho na namba ya simu ya mwajiri wa zamani ndivyo vinavyomwezesha kudai mshahara bora katika nyumba inayofuata.